Historia ya Kupima Mwanga wa Usiku, kutoka Mto Pangani hadi Nyahanga

Picha ya usiku hupatikana kwa njia mbili. Mpiga picha huja na mwanga wake na kuumwaga ghafla mbele ya kamera, au huiacha kamera wazi mpaka mwanga kidogo uliopo ujikusanye. Njia ya kwanza huhitaji baruti, globu au betri. Ya pili huhitaji subira na stendi imara. Katika Afrika Mashariki njia ya kwanza ilitangulia, ikatawala kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, kwa sababu usiku wa bara ulikuwa mweusi kwelikweli na mabamba ya kamera yalikuwa mazito kuhisi mwanga. Njia ya pili ilingoja umeme wa miji na migodi, kisha ikangoja kamera za dijitali. Kata ya Nyahanga, iliyomo ndani ya mji wa Kahama mkoani Shinyanga, ni mahali pafaapo kuishia historia hiyo. Aina karibu zote za mwanga wa usiku zinazotajwa hapa chini zimewahi kupatikana ndani yake au kandokando yake, kuanzia kibatari hadi taa kubwa za mgodi.

Vitu vitatu huamua kiasi cha mwanga kinachoingia katika picha: upana wa tundu la lenzi, muda ambao shata inakaa wazi, na wepesi wa filamu au kihisi, ambao leo hutajwa kwa namba za ISO. Mafundi huhesabu kwa hatua, na kila hatua huongeza mwanga maradufu au kuupunguza nusu. Mchana wa jua kali una kanuni nyepesi: tundu huwekwa f/16, na shata hupewa muda unaolingana na namba ya filamu, hivyo filamu ya 100 hupigwa kwa takriban 1/100 ya sekunde. Usiku hauna kanuni moja ya namna hiyo. Kutoka jua la mchana hadi mbalamwezi pevu kuna tofauti ya hatua kama 18, yaani zaidi ya mara laki mbili na nusu, na kati ya ncha hizo mbili kuna kila aina ya taa, moto na machweo. Kupima mwanga wa usiku basi ni kujua kwanza ni usiku wa aina gani.

Mtu aliyeifanya picha ya usiku ya Afrika Mashariki ijulikane duniani alikuwa Mjerumani, Carl Georg Schillings. Alifanya safari kadhaa katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa na 1904, akizunguka nchi ya Wamasai, nyanda za Kilimanjaro na bonde la Mto Pangani. Kitabu chake, Mit Blitzlicht und Büchse, kilitoka Leipzig mwaka 1905 na kikauzwa sana. Kwa mara ya kwanza wasomaji wa Ulaya waliona simba, fisi na punda milia wakiwa wamenaswa gizani, macho yakiwaka, mbele ya mto au mbele ya mzoga. Marekani alikuwepo George Shiras, aliyekuwa amekwisha kupiga paa usiku tangu miaka ya 1890 akiwa ndani ya mtumbwi, na picha zake zilijaza toleo la Julai 1906 la jarida la National Geographic. Lakini simba wa usiku walikuwa wa Schillings.

Njia yake ilitegemea unga wa magnesi. Mwaka 1887, Wajerumani Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walichanganya magnesi iliyosagwa na klorati ya potasi, wakapata unga unaowaka mara moja kwa mwanga mweupe mkali. Schillings aliweka kamera zilizotengenezwa na kampuni ya Goerz ya Berlin karibu na maji au karibu na ng'ombe au punda aliyefungwa awe chambo. Kamba ilivutwa na mnyama mwenyewe, unga ukalipuka, na bamba la kioo likapokea picha. Mizigo ya kazi hiyo ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi zaidi ya mia, ambao majina yao hayakupewa uzito uliopewa majina ya wanyama.

Kwa upande wa vipimo, hesabu ya baruti ilikuwa ngeni kwa mtu aliyezoea mchana. Gizani muda wa shata hauna maana kubwa. Shata ikikaa wazi sekunde nzima kabla ya mlipuko, hakuna kinachoandikwa, kwa sababu hakuna mwanga wa kuandika. Kinachoamua ni kiasi cha unga, umbali wa mnyama na upana wa tundu. Mpiga picha alipima unga kwa gramu, akakadiria umbali, akachagua tundu, kisha akaomba unyevu usiingie kwenye unga. Mabamba ya enzi ile, kwa kipimo cha leo, hayakufikia ISO 50, na unga ulichukua sehemu kadhaa za mia za sekunde kuwaka wote. Ndiyo sababu mnyama aliyekuwa anaruka alitoka na ukungu pembezoni mwa miguu. Unga wenyewe ulikuwa hatari, kwani mchanganyiko wa klorati huweza kuwaka kwa msuguano tu, na wapiga picha wa nchi nyingi waliungua mikono na nyuso.

Waliomfuata Schillings walitumia mbinu ileile kwa ustadi zaidi. Arthur Radclyffe Dugmore alipiga simba kwa baruti katika Afrika Mashariki ya Kiingereza mwaka 1909, na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Martin na Osa Johnson, Wamarekani, walikaa Marsabit kaskazini mwa Kenya katika miaka ya 1920 wakipiga picha na filamu, zikiwemo za usiku. Ukiziangalia picha za watu hawa wote kwa pamoja, jambo moja hujitokeza. Mnyama anaonekana vizuri sana, na usiku hauonekani kabisa. Nyuma ya simba kuna weusi mtupu, kana kwamba amesimama mbele ya pazia. Mwanga wa baruti hupungua kwa mraba wa umbali: kitu kilicho mbali mara mbili hupata robo tu ya mwanga. Kwa hiyo mti ulio mita ishirini nyuma ya mnyama aliyeko mita tano hupata sehemu moja ya ishirini na tano, na hauonekani. Kasoro hiyo haikuwa ya Schillings peke yake. Imezifuata picha zote za flashi mpaka za harusi za leo.

Mijini hali ilikuwa nyingine. Unguja, Mombasa na Dar es Salaam studio zilianza mapema. Kampuni ya A. C. Gomes ilikuwa Zanzibar tangu karne ya kumi na tisa, na mwaka 1930 Ranchhod Oza, aliyekuwa amejifunza kazi kwa Gomes, alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Studio za mwanzo zilitegemea dirisha kubwa au paa la kioo. Umeme ulipoingia, taa ziliwekwa pembeni, na mteja aliweza kuja baada ya kazi za mchana. N. V. Parekh wa Mombasa alijulikana kwa kuchezesha taa kama wafanyavyo watengeneza filamu, akimpa bwana harusi upande mmoja wa uso wenye nuru na mwingine wenye kivuli. Huo haukuwa usiku wa kweli, ila ulifundisha jambo ambalo mpiga picha wa usiku hawezi kulikwepa: taa iliyo karibu hupimwa kwa umbali kabla ya kupimwa kwa ukali wake.

Bara hakukuwa na studio za umeme kwa muda mrefu, na usiku ulikuwa na taa zake. Nyumba nyingi za Usukuma zilitumia kibatari, wengine wakikiita koroboi: kopo la mafuta ya taa lenye utambi. Mwanga wake ni wa mshumaa mmoja au miwili. Filamu ya 400 ikitumika na lenzi ikafunguliwa f/2.8, uso ulio umbali wa mita moja kutoka kibatari huhitaji sekunde kadhaa, muda ambao hakuna mtoto anayeweza kukaa bila kutikisika. Chemli, yenye kioo cha kuzuia upepo, hutoa mwanga wa kama mishumaa kumi. Kwa vipimo vilevile, nusu sekunde hutosha, na mtu aliyeegemea ukuta anaweza kutulia kiasi hicho. Karabai ndiyo ilikuwa mfalme. Ni taa ya mafuta ya kupampu, yenye soksi inayong'aa badala ya utambi, na mwanga wake hufika mishumaa mia kadhaa. Mtu aliye mita mbili kutoka karabai huweza kupigwa kwa f/2.8 na 1/15 ya sekunde kwa filamu ya 400. Karabai ilikuwa taa ya harusi, ya msiba, ya duka na ya mkutano, na kabla ya jenereta kuenea ndiyo iliyokuwa inaruhusu picha ya usiku bila flashi.

Namba hizo zina mtego wake. Filamu haihesabu kwa uaminifu inapoachwa wazi muda mrefu. Mwaka 1899 Karl Schwarzschild, mwanaastronomia aliyekuwa akifanya kazi Vienna, alionyesha kwamba mwanga hafifu unaokusanywa kwa muda mrefu huacha alama ndogo kuliko mwanga mkali wa muda mfupi, hata kama jumla yake ni ileile. Filamu ya Tri-X ya Kodak, iliyotumiwa na waandishi wa habari duniani kote kuanzia katikati ya karne ya ishirini, ni mfano mzuri. Kipima mwanga kikisema sekunde moja, filamu hiyo ilitaka mbili. Kikisema kumi, ilitaka hamsini. Kikisema mia moja, ilitaka dakika ishirini. Aliyepiga kibatari au mbalamwezi bila kujua jambo hilo alirudi na mkanda usio na picha, akailaumu kamera.

Tukio la usiku lililowapima vikali wapiga picha wa Tanganyika lilikuwa la kitaifa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, bendera ya Uingereza ilishushwa na ya Tanganyika ikapandishwa saa sita kamili, taa za uwanja zikizimwa na kuwashwa tena. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kwa mpiga picha, uwanja unaozimwa kisha ukawashwa ghafla ni shida ya hesabu. Vipimo vilivyowekwa kwa ajili ya giza huunguza bendera inapomulikwa, na vilivyowekwa kwa ajili ya taa havioni chochote gizani. Flashi haikuwa na msaada kwa aliyekuwa mbali, kwani mlingoti ulio mita hamsini hauwezi kufikiwa na globu ya mkononi. Aliyefanikiwa katika shughuli za aina hiyo ni aliyepima taa mapema, mazoezi yakiendelea, akaviacha vipimo vyake palepale na kusubiri.

Globu za flashi zilikuwa zimeingia sokoni kuanzia mwaka 1929 nchini Ujerumani, zikichukua nafasi ya unga. Ndani ya kioo kilichofungwa kulikuwa na karatasi nyembamba ya aluminiamu na oksijeni, na kila globu iliwaka mara moja tu ikatupwa. Harold Edgerton wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts alianza mwaka 1931 kutengeneza flashi ya umeme yenye gesi, ambayo ingewaka maelfu ya mara. Flashi ya betri ilipokuwa nafuu, fundi alikariri namba moja iliyoandikwa mgongoni mwake, iitwayo namba ya mwongozo. Gawanya namba hiyo kwa umbali wa mita, jibu ndilo tundu la lenzi. Flashi ya namba 28, kwa mtu aliye mita tatu na nusu, inataka f/8. Kwa mtu aliye mita saba, f/4. Mpiga picha mzoefu alijua hatua zake za miguu kama fundi cherehani ajuavyo futi zake, na hakuhitaji kipima mwanga. Mwaka 1975 kampuni ya Konica ilitoa kamera ndogo ya mkanda yenye flashi ndani yake, miongoni mwa za mwanzo za aina hiyo, na wengine wakaiga. Kazi ya kukokotoa ikaanza kuhamia ndani ya kamera.

Kamera hizo ndogo ndizo zilizomzaa mpiga picha wa mtaani, yule anayebeba kamera begani na kwenda kwenye sherehe, ubatizo, mahafali na baa. Mkanda wa picha 36 ulikuwa mali. Mteja alilipia picha moja, mpiga picha akabonyeza mara moja, na hakuna aliyejua kilichotokea mpaka mkanda uliposafishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa za kutoka nje zilipoadimika Tanzania, kila kilichotegemea kemikali na karatasi za nje kiliadimika pia. Hali hiyo ilimfundisha mpiga picha ubahili wenye manufaa: kusogea karibu, kumpanga mteja mbele ya ukuta mweupe au pazia ili mwanga urudi, na kukaa katika umbali alioujua kwa uhakika.

Tatizo moja la flashi lilikuwa la rangi ya watu, na halikuwa la mafundi wa Afrika pekee. Filamu za rangi za kampuni kubwa zilirekebishwa maabara kwa kutumia picha za wanawake Wazungu. Kadi zenye picha hizo ziliitwa Shirley, na Kodak ilianza kutoa kadi za watu wa rangi mbalimbali katika miaka ya 1990. Matokeo yake yanaonekana katika albamu nyingi: bibi harusi ana shela inayong'aa kama tochi, na uso wake umemezwa. Kipima mwanga cha kamera huchukulia kuwa kila kitu ni cha kijivu cha wastani. Mbele ya giza la usiku huongeza mwanga, mbele ya shela hupunguza, na katika hali zote mbili uso hauhesabiwi. Mafundi walijifunza kupima uso wenyewe, na kama shela ingeungua kidogo, iungue. Huo ulikuwa uamuzi sahihi, kwani mteja hulipia uso.

Miongo kadhaa kabla ya hapo, ukanda wa dhahabu na almasi ulikuwa na visiwa vyake vya mwanga. Mgodi wa Geita ulifanya kazi kati ya 1936 na 1966, na Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ulikua kuwa mji wa kampuni wenye umeme wake wakati vijiji vya jirani vikilala gizani. Mpiga picha aliyesimama nje ya Mwadui usiku alikuwa na vitu viwili visivyolingana mbele yake: taa kali na giza lisilo na kitu. Hakukuwa na filamu iliyoweza kuvibeba vyote.

Mageuzi makubwa ya Kahama yalikuja mwanzoni mwa karne ya ishirini na moja. Mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001, ulivutiwa laini ya umeme wa msongo mkubwa kutoka Shinyanga. Mwaka 2009 ulifunguliwa mgodi wa wazi wa Buzwagi, kilomita chache tu kutoka mjini Kahama, ukifanya kazi mchana na usiku chini ya taa kubwa hadi ulipofungwa mwaka 2021. Kati ya miaka hiyo mji ulikua kwa kasi, na Nyahanga, ikiwa moja ya kata zake za ndani, ikapata kile kilichokosekana enzi za karabai: mwanga wa usiku uliotapakaa mahali pengi, hata kama si mkali mahali popote. Taa za maduka, za vituo vya mafuta, za bodaboda na za vibanda vya chipsi hujaza mtaa kiasi kwamba, kwa ISO 1600 na lenzi ya f/2.8, 1/60 ya sekunde hutosha kumpiga muuzaji anayehudumia wateja bila kumulika kitu. Tangu Schillings, hapo ndipo mtu wa kawaida wa bara alipoweza kuuacha usiku ubaki usiku katika picha.

Kamera za dijitali ndizo zilizokamilisha jambo hilo. Kihisi cha dijitali hakina kasoro aliyoipima Schwarzschild. Sekunde mia moja ni sekunde mia moja. Badala yake kina chembechembe za kelele, ambazo huongezeka kadiri ISO inavyopandishwa na kadiri kihisi kinavyopata joto. Usiku wa Kahama si baridi sana, na kamera iliyoshinda juani ndani ya gari hutoa picha yenye chembe nyingi kuliko iliyopoa. Kingine ni rangi. Taa za sodiamu hupaka kila kitu rangi ya machungwa, LED hupaka samawati, na chemli hupaka dhahabu. Mtaa wenye zote tatu haupatani na mpangilio mmoja wa rangi, na mpiga picha hulazimika kuchagua taa moja iwe nyeupe na nyingine ziwe na rangi zake. Wengi huchagua ile inayoangukia uso.

Machweo ya eneo hili yana haraka yake. Kahama iko karibu digrii nne kusini mwa Ikweta, na jua hushuka wima badala ya kuteleza kwa pembe kama Ulaya. Kwa kuwa mji uko magharibi ndani ya majira ya saa ya Tanzania, jua hutua kati ya saa 12 na dakika arobaini na saa 1 na dakika kumi hivi, karibu nusu saa baada ya Dar es Salaam. Baada ya hapo mpito hadi giza huchukua dakika kama ishirini, na katika muda huo mwanga hupungua nusu kwa kila dakika tatu hivi. Hicho ndicho kipindi ambacho mbingu ya samawati na taa za mtaa hulingana, na picha hubeba vyote viwili. Mtu anayeweka vipimo mara moja na kuvisahau hupata picha moja nzuri na tano nyeusi. Vipimo hubadilishwa kila baada ya picha moja au mbili: muda huongezwa kutoka 1/30 hadi 1/15, hadi 1/8, na kuendelea, mpaka stendi iwe ya lazima.

Nje ya taa za mji, upande wa mashamba, zipo picha mbili zinazotofautiana kuliko inavyodhaniwa. Mwezi wenyewe ni jiwe linalomulikwa na jua. Hupigwa kama kitu cha mchana, takriban f/11 na 1/100 kwa ISO 100, na aliyeufungulia sekunde nzima hupata duara jeupe lisilo na milima. Nchi inayomulikwa na mwezi mpevu ni jambo jingine kabisa: ISO 1600, f/2.8 na sekunde nne hivi, na matokeo yake hufanana ajabu na picha ya mchana, isipokuwa nyota zimo. Bila mwezi, katika miezi ya kiangazi kati ya Juni na Agosti, Njia ya Maziwa hupita juu sana kuliko inavyoonwa Ulaya. Kwa lenzi ya milimita 24, sekunde ishirini ndiyo mwisho kabla nyota hazijageuka mistari. Hesabu hupatikana kwa kugawanya 500 kwa urefu wa lenzi. Karibu na Ikweta kanuni hiyo huwa kali zaidi, kwa sababu nyota zinazopita utosini ndizo zenye mwendo mkubwa kuliko zote. Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima Waswahili wamelitumia tangu zamani kujua majira, nalo hutoka mistari mapema usipoangalia. Moshi wa mashamba yanayochomwa katika miezi hiyohiyo huongeza ukungu wa rangi ya kahawia karibu na upeo wa macho, na taa za mji huufanya uonekane zaidi.

Kazi ngumu kuliko zote katika ukanda huu ni maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo. Chini ya ardhi kila saa ni usiku. Mwanga uliopo ni wa tochi za kichwani, zinazomulika mahali ambapo mchimbaji anatazama na kuacha uso wake mwenyewe gizani. Vumbi huelea kila mahali, hasa karibu na karasha, mashine za kusaga mawe, na flashi iliyo juu ya kamera huligeuza vumbi hilo kuwa theluji ya madoa meupe. Dawa yake ni kuiondoa flashi kwenye kamera na kuishika pembeni, au kuiacha kabisa na kumwomba mchimbaji wa pili amulike tochi yake upande wa uso wa mwenzake. Kwa ISO 3200 na f/2, tochi ya LED iliyo mita moja huruhusu 1/125 ya sekunde au hata zaidi. Uwanja wa Taifa wa 1961 haukuwa na kitu cha namna hiyo, na baruti ya Schillings isingefaa kuingia chini ya ardhi hata kidogo.

Simu ndiyo kamera ya usiku ya watu wengi leo. Kuanzia mwaka 2018, Huawei na Google zilitoa simu zinazopiga picha nyingi fupi mfululizo na kuziunganisha kuwa moja, ili kelele ifutwe na mtikisiko wa mkono usionekane. Tecno, kampuni yenye soko kubwa Afrika, imejenga sifa yake kwa kamera zilizorekebishwa kwa ngozi nyeusi, na kwa hilo imegusa kasoro iliyodumu katika filamu kwa miongo mingi. Mashine hiyo hukadiria usiku badala ya mpiga picha. Huchagua ISO, huchagua muda, na mara nyingi hung'arisha anga mpaka usiku wa Nyahanga ufanane na machweo. Inapofika kwa mtu anayecheza, hesabu yake huvunjika. Picha kumi zilizounganishwa hutoa mikono minne, na simu hurudi kwenye taa yake ndogo ya LED, ambayo nguvu yake haipiti mita mbili au tatu.